Samaki wa Koko na Mayai ya Madamu

Mwaka jana nilirudi Uvira, mashariki ya Kongo, kutembea. Niliposhuka kwenye basi dogo pale Kasenga, miguu imevimba kwa safari, mtoto mmoja akanisogezea sinia la mayai ya kuchemsha. Nilicheka peke yangu mpaka akarudi nyuma hatua moja. Ningemweleza nini? Kwamba mimi, bibi kizee mwenye wajukuu, nilianza kula mayai kwa wizi, kwenye mlango wa nyuma wa Wayahudi? Wewe nitakueleza, rafiki yangu, maana una nafasi.

Miaka ile ya hamsini Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa kasichana kenye mapengo, nikilelewa na koko, yaani bibi yangu mzaa mama. Duka kubwa la mjini lilikuwa la familia moja ya Kiyahudi. Mzee wao alitoka kisiwa cha Rodi, ng'ambo huko, akaanza kwa kutembeza vitambaa kijiji kwa kijiji. Mwanawe, ambaye wote tulimwita Bwana wa duka, alikuwa sasa na lori la kwenda kununua mpunga Sange na Luvungi. Ndani ya duka kulinukia sabuni, mawese na vitenge vipya. Katekisimu ilikuwa imenifundisha kwamba Wayahudi wanaishi katika Biblia, kwa hiyo kuwaona wakipima chumvi kulinivuruga kabisa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimchungulia Bwana wa duka miguuni, nikitafuta viatu vya Musa.

Ijumaa kabla ya jua kuzama duka lilifungwa, na Jumamosi hawakuuza hata sindano. Jumapili masista walitukataza sisi kununua. Basi aliyesahau chumvi Ijumaa alikula mboga chapwa siku mbili, na mume wake alinung'unika siku tatu. Ndiyo maana Ijumaa alasiri wasichana wote wa mtaa tulikimbizwa dukani, tukipigana vikumbo. Siku hiyo mke wa Bwana, Madamu, alikuwa anachemsha mayai pamoja na maganda ya vitunguu, taratibu, hadi yanageuka rangi ya kahawia. Mimi alinipenda, akawa ananipa moja mlangoni. Nililimeza harakaharaka, kwa sababu kwetu wakati ule wanawake na wasichana hawakula kuku wala mayai. Ulikuwa mwiko mkubwa, na koko alikuwa na fimbo.

Shule yetu ya masista ilikuwa na paa la nyasi lililochoka. Mvua ikianza tu, tunarudishwa nyumbani na madaftari yetu kichwani. Koko akasema hiyo ni shule ya matope. Kama paa halitabadilishwa kabla ya mvua, nitapelekwa Sange kwa mama mdogo, nifukuze ndege kwenye mpunga, na habari ya kusoma iishe. Nililia sana. Nilikuwa nimefika kwenye kuunganisha herufi, na hakuna kitu nilichokitaka duniani zaidi ya kujua kusoma.

Kiangazi kile mabati yakafika, mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Masista walikuwa wameombwa wasimtaje aliyeyatoa. Lakini lori lililoyaleta tulilijua wote, hata kwa kukohoa kwake. Ndivyo walivyokuwa watu wale: hata mablanketi ya watoto wachanga pale maternite, wodi ya wazazi, yalikuwa yanafika hivyohivyo, kimya, hayana jina.

Nikadhani nimepona. Kumbe simjui koko.

"Mutoto wangu hatakala chini ya mabati ya muntu kama siye hatujarudisha mukono," alisema. "Wakipokea zawadi yangu, utaenda kusoma. Wakikataa, utaenda Sange."

Akatafuta singa, yule kambare mkubwa wa ziwa mwenye ndevu, samaki ambaye nyumbani kwetu alipewa wakwe tu. Tulimbeba wawili, mimi nikishika mkia. Bwana wa duka alipomwona, akavua kofia. Kisha akasema kwa upole, "Koko, aksanti sana. Lakini samaki yenye haina magamba, siye hatukulaka. Mungu alitukatazia."

Uso wa koko ulikunjamana. Alikaza kitenge kiunoni, akanishika mkono, nami nikaanza kuwaona ndege wa Sange. Hapo Madamu akatoka mbio jikoni na sahani, akitaka kututuliza. Juu yake kulikuwa na mayai sita ya kahawia.

"Kamata, koko. Kula kwanza."

Koko aliuvuta mkono wake kama aliyeona moto. "Hapana, Madamu. Siye wamama hatukulaka mayai. Iko mwiko."

Madamu akatazama mayai yake, koko akatazama samaki wake, mimi nikatazama chini kwa sababu zangu mwenyewe. Koko ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la chumvi.

"Weye umekataa yangu, minye nimekataa yako," alisema akijifuta machozi. "Basi tuko sawasawa. Mutoto ataenda kusoma."

Singa tuliwapikia mafundi waliokuja kuezeka shule, pale nyuma ya duka, katika vyungu vya koko vilivyoletwa kutoka nyumbani, maana vya Madamu havikuruhusiwa kumgusa. Koko na Madamu walikaa kwenye mkeka mmoja wakila ndizi za kuchemsha na lengalenga, yaani mchicha. Sijawahi kula samaki mtamu kama yule, na nadhani sijawahi kufurahi vile tena.

Uhuru ulipofika, na vurugu nyuma yake, familia ile ikafunga duka ikaondoka. Siku hizi jengo limekatwakatwa vyumba, na wasichana wanakula mayai barabarani bila kumwogopa mtu. Koko amelala zamani. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, na somo la kwanza kwa kila darasa lilikuwa lilelile: andika jina lako.

Mara moja, nikiwa mwalimu mpya, niliketi niwaandikie barua ya shukrani. Kalamu ikasimama. Tulikuwa tumewaita Bwana wa duka na Madamu tu, na jina lao sikuwahi kuliuliza. Barua ile ninayo bado, na pale juu, mahali pa jina lao, hakuna kitu.