Mayai Yenye Iliki

Sikuamini hata kidogo kwamba samoni angerudi kwenye mto wetu. Mto unaopita Perry Barr, mtaa wetu huku ughaibuni, ulinyweshwa taka za viwanda vizazi na vizazi, ukanyooshwa kama mfereji, kisha ukawekewa kuta fupi za kuzuia maji ambazo samaki anayepanda kutoka baharini hawezi kuziruka. Hata trauti, binamu yake mvumilivu, alikuwa adimu. Nilipojiunga na kikundi cha Jumamosi kilichokuwa kikimwaga kokoto mtoni ili samaki wapate pa kutagia, niliuliza maswali mpaka nikapewa sepetu ili ninyamaze.

Shangazi yangu, ambaye ni nesi, hakuhitaji kushawishiwa. Amekulia kando ya ziwa, na kwake mto usio na samaki ni aibu ya mtaa mzima.

"Wewe uliza," aliniambia. "Mimi nabeba mawe."

Jumamosi moja ya baridi tulikuwa tunamsubiri afisa wa mto. Kama asingeona dalili kwamba kokoto zetu zinafaa, ukuta uliobaki chini ya daraja usingebomolewa, na kazi yetu yote ingeishia hapo. Watu walikuwa wanatembea huku na huku, kila mmoja akijifanya hana wasiwasi.

Ndipo nilipoinama nikaziona. Punje ndogo za rangi ya machungwa, zinang'aa, zimejibana kati ya mawe. Mimi ninayehoji kila kitu sikuhoji chochote.

"Mayai," nikasema. Nikarudia kwa sauti.

Tulicheza ndani ya gambuti. Dereva mmoja mstaafu wa basi alilibusu sepetu lake. Nami nikaanza kuwaeleza, kama mhadhiri mwenye chaki, jinsi jike anavyochimba shimo kwa mkia wake, na nikadai, bila ushahidi wowote, kwamba hawa ni samoni kabisa.

Shangazi aliokota punje moja, akainusa, akaitia mdomoni.

"Shangazi, huyo ni mtoto wa samaki!"

Akatafuna taratibu. "Samaki gani anataga mayai yenye iliki?"

Kutoka ukingoni, hatua chache juu yetu, mtu alikohoa. Alikuwa mzee mmoja Mhindi, mzaliwa wa Kisumu, ambaye hupita hapo kila asubuhi na kutusalimia kwa Kiswahili cha dukani kwa baba yake. Mkononi alikuwa na kopo la bati.

"Samahani, mama. Hiyo ni ladu, vitamutamu vyetu vya punje za unga wa dengu. Tulikuwa na sikukuu. Marehemu mama yangu alikuwa analigawia ziwa kwanza, ndiyo sisi tule. Huku hakuna ziwa, basi nimevunjavunja yangu nikaupa mto, pale kwenye kona."

"Pole, mzee," shangazi akasema. "Msomi wetu alikuwa karibu kuwapa majina."

Tulicheka mpaka dereva akakaa majini. Afisa alitukuta hivyo hivyo. Mtu akanong'ona kwamba tunyamaze tu, kwani kwa mbali punje zile zilionekana kama mayai safi kabisa. Nikamwambia afisa ni peremende. Shangazi alinitazama kama anavyomtazama mgonjwa aliyekataa sindano.

Afisa hakucheka. Alichuchumaa, akainua jiwe, kisha jingine la chini yake. Huko nako kulikuwa na punje.

"Zilitupwa wapi?"

Tukamwonyesha kona.

"Basi maji yamezibingirisha mpaka hapa, yakaziingiza ndani ya kokoto." Akazamisha vidole, akavitoa bila tope. Tope ndilo tuliloliogopa siku zote, kwa sababu likijaa kati ya mawe, yai hukosa hewa likafa.

"Hilo halithibitishi kwamba kuna samaki," nikasema. Sikuweza kujizuia. Shangazi akanikanyaga.

"Halithibitishi," afisa akakubali. "Lakini yai likiangukia hapa litapumua. Kinachokosekana ni njia ya kufika. Ukuta ule tutaubomoa."

Nilitaka kuuliza ni lini, na ni nani atakayehakikisha, lakini shangazi alikuwa ameshanishika mikono yote miwili, ananizungusha katikati ya mto, na maji ya baridi yalikuwa yanaingia kwenye gambuti zangu, nami nacheka kama mwendawazimu.