Lafudhi ya Mzee Alcide

Nikisikia harufu ya vitunguu, hoho na selari vikikaangwa kwenye sufuria moja, mimi hapa nilipo narudi kuwa na miaka tisa. Naketi jikoni, Inver Grove Heights, Minnesota, miguu haifiki sakafuni, jua la kiangazi limetulia dirishani, na Mzee Alcide ananifundisha kuongea.

Hakuwa babu yangu, msije mkadhani. Alikuwa mgonjwa wa mama. Mama, Mluhya wa Kakamega, alimtunza nyumbani kwa mzee mwenyewe: kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia kile alichoelekeza kwa kidole kutoka kitini. Shule zilipofungwa alienda nami kazini, maana hakuwa na wa kumwachia. Mzee alikuwa Mkajuni wa Louisiana, kule kwenye vinamasi, ambako Kiingereza kimelelewa na Kifaransa. Wanawe waliomleta Minnesota waliongea kama watangazaji wa televisheni. Yeye aliongea kama mtu mwenye pipi mdomoni asiye na haraka ya kuimaliza.

Weh, nilikipenda kile Kiingereza! "Polepole, shaa," aliniambia, na shaa kwao ni kipenzi. "Unakimbizwa na nani?" Nikajifunza kuyavuta maneno na kuyakata mikia. *Three* ikawa *tri*. Nilifanya mazoezi bafuni, nikafanya kwenye gari mpaka mama akacheka machozi yakamtoka, tukapita njia ya kwetu bila kukata kona. Mchana ulikuwa mrefu, feni ikizunguka, mzee akisinzia katikati ya sentensi, kisha anaamka na kuimalizia. Sijui kama nimewahi kupata raha kama ile tena.

Sasa niwaambie ubaya wangu. Jumapili moja, kwenye chai baada ya ibada yetu Wakenya, niliongea kama Mzee Alcide mbele ya watu. Walishangilia, wakanijazia mandazi. Mama, kwa furaha, akaanza kuwaeleza kwa Kiingereza kwamba nilijifunza yote hayo kwa wiki *tri*. Nikamkata: "Mum, ni *three*! Acha kushrabu!" Kushrabu, kwa sisi Wakenya, ni kuongea Kiingereza huku lugha ya kwenu ikichungulia. Ukumbi mzima ulicheka. Mama naye akacheka, akaketi, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Jamani, ni sauti ileile! Kwa mzee niliiona tamu, kwa mama niliiona aibu, na wala sikushtuka.

Tangu siku hiyo simu zikawa zangu. Watu wa bima wakipiga, fundi wa gari akipiga, mama ananipa: "Ongea wewe." Nikajiona mkubwa.

Mzee Alcide alifariki kabla theluji haijaanza. Kwenye mazishi binti yake alimwomba mama aseme neno. Niliona midomo ya mama ikijiandaa. Kisha akanisukuma begani. "Nenda wewe."

Nikaenda. Niliongea kama mzee, polepole, na shaa zake zote, watu wakacheka huku wakilia. Binti yake alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Mama alibaki kiti cha nyuma, mkoba magotini, yeye aliyemwogesha mtu yule miaka miwili.

Nilijivunia siku ile muda mrefu sana. Juzijuzi tu, nikimsuka mama nywele, nilimuuliza angesema nini kama angesimama yeye. Hata hakufikiri.

"Ningesema wiki ya mwisho alikataa kula. Nikamwimbia wimbo wa kwetu wa kubembeleza mtoto, akameza uji vijiko vinne. Kesho yake nikaimba tena, naye akaanza kuimba na mimi. Kwa Kiluhya! Alikuwa anakosea kila neno." Akatabasamu kidogo. "Nikamwacha tu. Si alikuwa anaimba?"

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake. Niliona aibu. Wana wa mzee walikuwa wamekaa mstari wa mbele siku ile, na hicho ndicho kitu ambacho wangetaka kusikia kuhusu baba yao, kutoka kinywani mwa mama, vilevile kinavyotamka. Hadi leo hawajui.