Salamu za Dereva

Kwa miaka sita nilikuwa na kazi mbili: kuwapima watoto uzito, na kuwaamkia watu barabarani kwa niaba ya mwanamume ambaye hakuwa mume wangu wala ndugu yangu. Ya kwanza niliisomea. Ya pili niliipata kwa mdomo wangu mwenyewe, na ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Gari letu la kliniki lilikuwa lori lililovuliwa bodi likajengewa nyumba mgongoni. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la mafuta ya taa, sinki, kabati la dawa na tanki kubwa la maji. Madirishani tulitundika mapazia ya kanga kuukuu. Tulitoka nalo Bagamoyo kwenda kuwaona kina mama na watoto wachanga, Mapinga na vijiji vya njia ya Dar es Salaam, kisha huko ndani Kiwangwa, na wiki nyingine tukafika hata Ubena. Tukilala safarini, mimi na mkunga wetu, mama wa makamo, tulilala garini, dereva akapewa chumba kijijini. Watoto waliliita nyumba inayotembea. Lilinuka mafuta ya taa na dawa ya vidonda, na mpaka leo nikivinusa vitu hivyo pamoja hunyamaza kidogo, mimi ambaye si mtu wa kunyamaza.

Dereva alikuwa mtu wa Bagamoyo, amekaribia miaka hamsini, mrefu, kofia yake ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, imekaa sawasawa kila siku. Mkunga alisafiri nyuma amejilaza, maana gari lilimtia kichefuchefu, kwa hiyo kiti cha mbele upande wa kushoto kikawa changu. Siku ya kwanza dereva aliniambia, “Upande huo mimi siuoni vizuri, binti. Wewe ndiye jicho langu la huko. Ukiona kitu, sema. Usipoona kitu, usilale.”

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilidhani ni mwoga tu. Kabla ya kuondoka alilizunguka gari lote na kuinama uvunguni, kwa sababu watoto na mbuzi walipenda kivuli chake. Mbuzi mmoja akivuka mbele yetu, alisimama kumngojea wa pili, hata kama wa pili hayupo. Tukiwa nyuma ya lori lenye vumbi, aliegesha pembeni mpaka vumbi litue. Tena kulikuwa na yale maji ya tankini. Ukikanyaga breki gari linataka kusimama, maji yanataka kuendelea, yanausukuma mgongo wa gari. Kwa hiyo alianza kupunguza mwendo mbali mno, tangu nyumba ya kwanza ya kijiji, mimi nikipiga miayo.

Hayo niliyavumilia. Nililoshindwa kulivumilia ni kwamba alikuwa haamkii watu. Mimi nilizaliwa mjini kwenye nyumba ambayo mtu akipita barazani bila kuamkia, habari zake zilifika mwisho wa mtaa kabla yake. Wazee walisimama njiani wakainua mikono, na dereva wetu akapita, macho mbele, mikono miwili kwenye usukani, kama hajaona mtu. Nilitamani kujificha chini ya kiti.

Aliyechukia kuliko wote ni mzee mmoja wa Mapinga, mkali kama pilipili, aliyekaa kila asubuhi kwenye benchi mbele ya nyumba yake, penye kona ya barabara. Gari likija aliinua fimbo. Gari likipita aliishusha, akaanza kusema. Alipeleka kesi yake nyumba kwa nyumba: dereva yule anatudharau, na watu wasiotuamkia tutawapaje watoto wetu wawadunge sindano? Kina mama wakaanza kupungua. Ikafika siku Mapinga nzima walikuja wawili, na mmoja alikuja kuomba chumvi.

Ofisini wakamwita dereva. Walimpa mwezi mmoja. Kina mama wasiporudi, gari atapewa mtu mwingine, yeye akalinde stoo. Alitoka mle ndani akaenda kufuta vioo, taratibu, vyote, na vilikuwa safi. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda duniani, kila mtu aliyejua kumtazama aliliona hilo. Nilimwonea huruma, na hasira zikanipanda papo hapo.

Tukiwa njiani nikamwuliza, “Mjomba, hivi mkono wako una jipu? Kuuinua tu kunakushinda?”

Hakuwa mtu wa kubishana gari likitembea. Tulipofika aliegesha, akavuta breki ya mkono, akashuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, akarudi kukaa. Ndipo akasema.

“Nilikuwa na lori la nazi, pale Vigwaza. Mzee mmoja kaniinulia mkono, nikageuka kumwamkia. Shikamoo yenyewe sikuimaliza. Kijana wa baiskeli alikuwa kushoto kwangu. Mguu wake haukunyooka tena. Na yule mzee niliyekuwa namwamkia ndiye baba yake. Kila Idi naenda kumwamkia, kwa miguu.”

Asubuhi iliyofuata nikamwambia, “Basi wewe tazama barabara. Kuamkia niachie mimi.”

Ndivyo nilivyoanza. Nilitoa kichwa dirishani nikapaza sauti: “Shikamoo babu! Dereva anakuamkia!” “Shikamoo bibi! Dereva anauliza mgongo umepoa?” Nao wakaitikia, wakanituma: mwambie marahaba, mwambie nimepata mjukuu, mwambie mbona amekonda. Nikayafikisha yote, naye alitabasamu akitazama mbele. Nilijua magonjwa na ndoa za barabara nzima. Nilifurahi, sikufichi, sijawahi kupata kazi iliyonifaa kama ile. Na macho yangu hayakutoka kushoto, maana ndiko walikokuwa watu. Kina mama wakaanza kurudi, mmoja mmoja.

Ila mzee wa Mapinga alikataa. Nilimwamkia kwa heshima zote, akanitazama juu chini.

“Salamu ya mtu nitaisikia kwa mtu mwenyewe. Wewe ni nani, redio?”

Na kina mama wa Mapinga walimsikiliza yeye. Mwezi ukabakiza siku chache. Mvua zikaanza, barabara ikawa matope na madimbwi. Asubuhi moja tuliingia Mapinga mwendo wa kobe kama kawaida, nikamwona mzee penye kona, amekwisha simama, fimbo juu. Nikafikiria stoo, na vioo vile vikifutwa na mtu mwingine. Nikasema neno ambalo mpaka leo linanichoma.

“Mjomba, leo tu. Mtazame mara moja, umwamkie, yaishe.”

Akageuka. Alifanya hivyo kwa ajili yangu, najua. Aligeuza shingo upande wangu, akamtazama mzee, akafungua mdomo. Na mimi, jicho lake la kushoto, nilikuwa namtazama yeye ili nione atakavyosema.

Basi la kutoka Dar es Salaam lilikuwa linazunguka kona likikwepa dimbwi, limekuja lote upande wetu. Nilisikia honi kabla sijaliona. Akavuta usukani kushoto, tukatoka barabarani. Kioo cha kulia kilipasuka kikaondoka na basi. Nyuma yetu chupa zilianguka na mkunga alipiga shahada. Maji yakatusukuma, yakatusukuma tena, kisha gari likasimama. Lilisimama bampa ikigusa benchi la mzee. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa chini kwenye kizingiti cha mlango wake, kofia imeanguka, kanzu imejaa matope.

Hakuna aliyeumia. Basi halikusimama. Nimefikiria sana baadaye, na naona kilichotuokoa si ustadi wa dakika ile. Ni ule mwendo alioanza kuupunguza tangu nyumba ya kwanza, ule niliokuwa naupigia miayo. Kwa mwendo wa mtu mwingine tungeingia na benchi na mzee mpaka ukumbini.

Mimi nilikuwa nalia. Dereva alizima injini, akashuka, akatafuta jiwe akaliweka nyuma ya gurudumu. Kisha akaenda mpaka kizingitini, akaokota kofia akaikung’uta, akainama.

“Shikamoo, mzee.”

Mzee aliitazama bampa. Alizitazama alama za magurudumu kwenye matope, akanitazama mimi na machozi yangu.

“Marahaba,” akasema. Akavaa kofia. “Usiniamkie tena.”

“Mzee?”

“Ukiwa ndani ya lidude hili, usiniamkie tena. Mimi na wewe tumeshaamkiana. Inatosha mpaka tufe.”

Jioni nilimwomba dereva radhi. Alisema, “Shingo niligeuza mimi, si wewe,” na hakulitaja tena. Wiki iliyofuata tulipokaribia ile kona, mzee alikuwa barabarani anawafukuza watu kwa fimbo: “Pisheni! Msimsemeshe, anaendesha!” Kliniki ilijaa siku hiyo mpaka tukaishiwa kadi. Dereva alibaki na gari lake, na kwa miaka iliyobaki, yule mzee ndiye mtu pekee katika njia nzima ambaye sikumfikishia salamu, kwa sababu hakuzitaka.

Dereva alifariki mwishoni mwa miaka ya sabini, kwa homa, kitandani kwake Bagamoyo. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto wawili, nikaenda msibani nikakaa na wanawake barazani. Watu walikuja kutoka vijiji ambavyo sikujua kwamba bado wanamkumbuka. Mzee wa Mapinga alikuja pia, ameshikwa mkono na wajukuu, macho yamefunga ukungu. Miguu ilimgomea kufuata makaburini, akasimama karibu na baraza yetu.

Jeneza likatolewa. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za njia, wengi wao niliwajua kwa magonjwa yao, na dereva alipita katikati yao bila kumwamkia mtu. Mzee akainua fimbo, kama zamani.

Mdomo wangu ulifunguka kabla sijauruhusu.

“Shikamoo, babu. Dereva anakuamkia.”

Aligeuka kuitafuta sauti. Nilijua atanikatalia tena, nikajuta. Lakini alikuwa analia.

“Marahaba,” akasema. “Mwambie nimeitikia.”