Pakiti ya Sukari Iliyoiumbua Mizani

Saa moja asubuhi, Mama Mizani anafunga kwa kamba mizani ya kupimia watoto kwenye boriti ya kibaraza cha shule. Kabla ya kumpima mtoto yeyote, anatundika pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa. Ni ya kilo mbili. Mshale unapanda hadi tatu.

"Mmeona?" anawauliza akina mama walioketi sakafuni. "Sukari imenenepa njiani."

Wanacheka. Yeye hacheki.

Ni mhudumu wa afya wa kujitolea, mama wa watoto wanne. Kwa miaka sita ametembea kilomita tisa kila safari kupima watoto wa vitongoji vitatu. Mwanzoni wazee walimzomea: "Mtoto si mbuzi wa mnadani!" Alivumilia mpaka wakamwamini. Kumbe chuma alichokuwa akikitundika kilikuwa kinawadanganya wote.

Aliyemfumbua macho ni bibi mmoja anayelea mjukuu wa kike wa miezi kumi na minne. Mizani ilionyesha karibu kilo nane, kadi ikaonyesha kijani, yaani uzito mzuri, na zahanati ikamnyima mtoto chakula dawa, kile cha watoto wenye utapiamlo.

"Mwanangu," bibi alimwambia, "huyu namfunga mgongoni kila siku. Anazidi kuwa mwepesi. Hiyo kadi yenu inambeba nani?"

Neno hilo halikumpa usingizi. Aliazima mizani ya mnunuzi wa nafaka, akawapima upya watoto wote thelathini na wanane. Kumi na mmoja walikuwa chini ya mstari mwekundu. Mjukuu wa bibi hakufika hata kilo saba.

Anafunua daftari alimoandika uzito wao. "Ni akina mama wangapi niliowaambia, 'Hongera, anakua'?"

Mizani ya nafaka hukaguliwa kila mwaka na kupigwa muhuri, mahindi yasije yakapunjwa. Ya watoto haijakaguliwa tangu iletwe.

Alipopeleka daftari kwa msimamizi wake, alijibiwa: "Dada, eneo letu limepongezwa kwa takwimu nzuri. Usituharibie. Subiri mizani mpya."

Hiyo ni miezi miwili iliyopita. Nani atakayemweleza mtoto mwenye njaa maana ya kusubiri?

Mama Mizani hasubiri tena. Jumatatu atakwenda hospitali kuu pamoja na bibi, akina mama wengine kumi na watoto wao, akiwa na mizani zote mbili.

"Sitaongea sana," anasema. "Nitatundika sukari mbele ya daktari, kisha nitamtundika mtoto. Wasome wenyewe."

"Na wakitufukuza?" anauliza bibi, akikaza kanga mgongoni.

"Tutakaa mlangoni, mama. Sisi kukaa chini tumezoea."

Na sukari je, ataitumia lini? Anaifuta vumbi kwa kiganja, anairudisha mkobani.

"Siku huyu mtoto akimchosha bibi yake kumbeba," anasema, "ndiyo siku nitaifungua, tunywe chai."