Hesabu ya Watoto wa Nikodemo

Nikodemo alikuwa fundi wa mitambo ya kukamua zabibu. Alitoka Burundi, upande wa Ngozi, na alifika Dodoma kwa kuitwa, si kwa kukimbia; neno hilo alipenda lijulikane. Kiwanda kimoja cha mvinyo, nje kidogo ya Miyuji, kilinunua mtambo mkuukuu kutoka kwao, ukaja na makelele yake, mafundi wa hapa wakaushindwa. Ndipo wakamwita aliyeuzoea. Akaja na pasi yake na kibali cha kazi, akapanga vyumba viwili Nkuhungu kwa Bibi Emiliana, mama wa Kigogo ambaye hacheki na mpangaji mpaka kwanza amjue.

Siku familia ilipofika, Bibi Emiliana alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mbukwa," akasalimu kwa Kigogo. "Hawa wote wako?"

"Wote wangu, mama. Debora, Raphael, na huyu wa mgongoni ni Sila."

Hakusema uongo. Debora alizaliwa na Zablon, kaka mkubwa wa Nikodemo, aliyefukiwa na udongo wa mlima msimu wa mvua wakati mtoto bado ananyonya. Mama wa mtoto akavuka kwenda Kongo, akanyamaza huko huko. Kwao Nikodemo hakuna aliyekaa kikao kuuliza nani atamchukua Debora. Anachukuliwaje mtu aliye wako tangu siku ya kwanza? Ndugu wa baba ni baba, basi. Evodia, mke wake, alimpokea msichana yule kabla hajazaa wa tumboni mwake, akamlea, na Debora hakuwahi kuita mwingine mama.

Alikuwa ameshafika darasa la sita alipoanza kuchoka. Alikuwa akiteka maji bombani, nusu ndoo tu, anaitua njiani, anasimama kama anatazama kuku. Anabeba tena, anatua tena, anatazama kuku.

"Nikodemo," Bibi Emiliana akamwambia, "kuku wangu hawana cha kutazamwa. Yule mtoto anatafuta pumzi. Mpeleke hospitali."

Wakampeleka hospitali kubwa kule upande wa Chimwaga. Daktari alisikiliza kifua kwa muda mrefu, akasema ugonjwa wa koo wa utotoni ambao haukutibiwa ulikuwa umeula mlango wa moyo. Ilibidi apasuliwe, na mapema.

"Una bima?"

"Kazini wananiandikisha sasa hivi."

"Basi kamilisha, uje. Bila bima, baba, gharama yake usiniulize leo, utakosa hata usingizi."

Mtu aliyetoka nje ya nchi haandikishwi kwa mkono mmoja. Geofrey, afisa utumishi wa kiwanda, alimpa rundo: nakala ya pasi, kibali cha kazi, kibali cha ukaazi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, vyote vimetafsiriwa na kugongwa muhuri. Fomu moja ya pensheni, moja ya bima. Kwenye pensheni mambo yalikwenda kama maji. Dada wa dirishani aliuliza kama akitangulia mbele ya haki, nani alipwe. Nikodemo akataja mke, kisha Debora, mtoto wa kwanza. Dada akaandika, akagonga, akaita anayefuata.

Bima ikawa siku nyingine, na Debora alikuwepo, maana walitakiwa wote kupigwa picha. Dirishani alikaa dada mmoja aitwaye Lydia. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alisoma fomu, akaanza kucheka peke yake.

"Kaka, hebu. Nikodemo Ndayizeye. Mke, Evodia Nibaruta. Mtoto, Raphael Irakoze. Mwingine, Sila Niyonkuru. Hii ni familia au kwaya ya mchanganyiko?"

Benchi zima likacheka. Nikodemo naye akacheka, alishazoea. Akaeleza kuwa kwao kila mtu ana jina lake, mtoto hafuatishwi la baba.

"Mna mambo nyinyi! Haya, kama majina hayanisaidii, wacha niangalie vyeti."

Akafunua vyeti kimoja kimoja. Kwenye cha Debora akasimama.

"Hapa baba ni Zablon. Zablon ni nani?"

"Kaka yangu. Alifariki."

"Pole sana. Kwa hiyo huyu si mtoto wako."

"Ni mtoto wangu."

"Umemzaa?"

"Dada, kwetu swali hilo haliulizwi mtoto akiwa anasikia."

Debora alikuwa nyuma yao na sweta lake la shule, anapumua kwa mdomo, anasikia. Lydia akashusha sauti.

"Nisikilize, kaka yangu. Bima inamjua mtoto uliyemzaa, au uliyemwasili ukapewa hati na mahakama. Hati huna. Na hapa chini umeweka sahihi kwamba wote watatu ni wa kuwazaa. Wewe ni mgeni, unaishi kwa kibali. Ungekutana na mwingine hapa, angeshasema umeghushi. Mkate huyu, weka sahihi pembeni, wengine wapate kadi. Halafu nenda ustawi wa jamii ukaanze mambo ya kumwasili."

"Nikimkata hapa, nirudi naye nyumbani kama nani?"

"Unamkata kwenye karatasi tu, kaka."

Nikodemo akaivuta fomu yake, akaikunja, akatoka. Mtoto akamfuata polepole.

Geofrey aliposikia alishika kichwa. "Hapa si Ngozi! Fomu inauliza umezaa wangapi, unajibu umezaa wangapi. Ungekuwa umezaa mbuzi, ningekuandikia mbuzi. Kibali chako kinakwisha mwakani, unataka nikakuombee kingine nikiwa na hii fomu mkononi?"

Bibi Emiliana yeye aliwaka kwa upande mwingine. "Usikate! Mtoto wa kaka yako ni wa nani, wa diwani? Hata sisi Wagogo mtoto wa kaka ni mtoto, na akiolewa ng'ombe unapokea wewe. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Waambie hivyo huko ofisini."

Maneno yale yalimpa Nikodemo nguvu, na nguvu hizo ndizo zilizomponza. Alikwenda ustawi wa jamii na fomu yake vile vile ilivyo. Mzee aliyekuwa zamu aliisoma, akavua miwani.

"Ndugu yangu, huwezi kuomba kumwasili mtoto ambaye umeandika kwamba umemzaa. Ukimwomba, unamwomba kama wa mwenzio. Kwanza useme si wako, ndipo uombe awe wako."

"Hiyo ni sheria ya watu wenye akili?"

"Ni sheria. Na utaniletea cheti cha kifo cha kaka yako, na ridhaa ya mama wa mtoto kama yu hai."

Zablon alizikwa na majirani kwenye kilima kile kile kilichomfukia. Nani alikumbuka cheti? Nikodemo akarudi nyumbani na hasira, akaiweka fomu chini ya godoro, na fomu haiendi ofisini kwa miguu yake. Mvua zikaanza. Debora akaacha kuteka maji, kisha akaacha shule. Usiku alilala ameketi, ameegemea ukuta.

"Kata, Nikodemo," Evodia akamwambia. Walikuwa uani, anasonga ugali wa uwele.

"Wewe unaweza kumkana?"

"Mimi nitamkana mara mia, mradi awe hai."

"Mimi siwezi."

"Basi huo ubaba wako uweke kifuani mwake tuone kama atapumua."

Mwanamume akiambiwa kweli na mkewe hujifanya anatafuta viatu. Nikodemo akavaa viatu, akaenda kazini kabla ya zamu yake.

Kilichomvunja ni Sila. Malaria ilimpanda kichwani, mtoto akakakamaa mikononi mwa mama yake, akalazwa. Fomu ya familia nzima ilikuwa bado imelala chini ya godoro, kwa hiyo hakuna mwenye kadi, si Sila, si yeyote. Cherehani ya Evodia ikauzwa ili mtoto atoke wodini. Ile siku Sila aliporudi, Debora alimngoja Nikodemo kwenye kizingiti.

"Kesho twende wote kule kwa yule dada," akasema.

Wakaenda. Pale dirishani Nikodemo aliitoa fomu, akainyoosha kwenye ubao, akabaki ameishikilia. Lydia alingoja. Foleni ikaanza kunong'ona. Ndipo Debora akasogea mbele.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Huyu ni baba mdogo. Mimi nina baba yangu, alikufa. Mkate tu jina langu."

Baba mdogo! Neno hilo alilitoa shuleni, kwa watoto wa hapa. Nyumbani kwa Nikodemo halikuwa limewahi kutamkwa. Lydia aligeuka akawa anatafuta muhuri uliokuwa mbele yake. Nikodemo akakata jina, akaweka sahihi pembeni, kubwa kama ya mtoto anayejifunza kuandika.

Kadi za wanne zikatoka. Ustawi wa jamii wakafungua jalada. Kutoka Ngozi padri akaahidi kutafuta mashahidi wa kifo cha Zablon, na barua zikaanza mwendo wa kobe, muhuri huu, ubalozi ule, tafsiri, rudisha, tafsiri tena. Daktari naye aliandika barua ya kuomba haraka. Ikapokelewa, ikaunganishwa na nyingine.

Na Debora hakurudi kumwita baba. Hata akiomba maji, ni "baba mdogo, naomba maji." Nikodemo alivumilia, akavumilia, mwisho akamwuliza kwa sauti ndogo.

"Debora, umenikasirikia?"

"Hapana."

"Sasa mbona nyumbani pia?"

"Nazoea," akasema, akangoja pumzi irudi. "Tukifika kwa hakimu nisije nikakosea."

Bibi Emiliana aliyekuwa anachambua mlenda pale uani aliinuka na ungo wake akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena.

Hakimu alipanga tarehe, baada ya mavuno. Mavuno yakaja, malori ya zabibu yakajipanga getini, mtambo ukanguruma mchana na usiku. Nikodemo alikuwa chini ya mtambo, amelala chali, juisi inamdondokea shingoni, aliposikia kijana wa getini anamwita. Akatoka, akaona sura ya yule kijana, akachukua kitambaa akaanza kufuta mikono, kidole kimoja kimoja, bila kuuliza. Debora alikuwa amefariki kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, ameegemea bega la Evodia, na kwa kitambo Evodia alidhani amelala.

Walimzika kule kule Dodoma. Watu wa Nkuhungu walikuja wengi, na wa kiwandani walikuja na Geofrey, ambaye alisimama nyuma, kofia mkononi. Kabla ya jeneza kushushwa, mzee wa kanisa akasoma historia ya marehemu, kama ilivyo desturi. Alikuwa ameiandika kutokana na karatasi za hospitali.

"Marehemu Debora alikuwa mtoto wa hayati Zablon. Alikuwa akiishi hapa Dodoma na baba yake mdogo..."

"Soma vizuri, mzee!" Bibi Emiliana akapaza sauti, kilemba kimemwenda upande. "Baba mdogo gani? Baba yake si huyo hapo, humwoni?"

Watu wakamgeukia Nikodemo. Alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi, Raphael amemshika suruali.

"Mwache asome, mama," akasema. "Ndivyo nilivyoweka sahihi."

Mzee akatazama karatasi yake, akatazama watu, akaendelea pale alipoishia.