Posta Yenye Jina Nisilolitamka

Enzi za ruksa, sabuni na sukari ziliporudi madukani, posta nayo ikaanza kutafuta wenye maduka waifanyie kazi vijijini. Huku kwetu Masukulu duka lililochaguliwa lilikuwa langu. Nilipewa mhuri, stempu na mizani ndogo ya barua, nikajiona waziri.

Wanaume wakaitisha mkutano wa kuipa posta jina. Hawakuhangaika sana: baba mkwe wangu ndiye aliyebeba mfuko wa barua kutoka Tukuyu kwa miguu miaka na miaka, yeye akilowa na barua zikibaki kavu chini ya koti lake. Wakapiga makofi, wakachonga kibao, wakakipigilia juu ya mlango wangu. Sisi wanawake tulikuwa nyuma tukipika ndizi za sherehe hiyo hiyo. Hakuna aliyetuuliza, na mpaka leo sijawasamehe.

Maana kwetu Wanyakyusa mkamwana halitaji jina la baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite. Tulikuwa Wakristo, tena wa kuimba kwaya, lakini jambo hilo hata mchungaji alilipita kimya kimya. Na yule mzee alikuwa na watoto wa kiume wengi, wadogo zake nao wana wao, kwa hiyo nusu ya wanawake wa kijiji walikuwa wakamwana wake.

Basi nusu ya wateja wangu wakashindwa kupita chini ya kile kibao. Wakaanza kuja kupitia jikoni. Foleni ya posta ikahamia migombani, akina mama na miavuli yao, wakinong'ona kama wezi wa kuku. Mmoja aliniomba nimwandikie mwanawe aliyeko Dar es Salaam anuani mpya.

"Andika posta ya... ya yule," akasema.

"Yule nani?"

"Wee, usinichokoze! Si unamjua!"

Nilimjua sana, lakini kalamu yangu nayo ilikuwa mkamwana.

Mzee mwenyewe hakujua lolote. Kila asubuhi alioga, akavaa koti, akaja kuketi kwenye benchi la mbele, chini ya jina lake, akipokea salamu za wapita njia. Mimi nilikaa ndani nimempa mgongo, chai yake nikiipeleka kwa mikono ya watoto. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka Mbeya. Akakuta dirisha halina mtu.

"Mama, wateja wako wapi?"

"Jikoni, bwana."

Akanitazama kwa huruma. Akanitoa hadi mlangoni, akaninyooshea kibao. "Posta yako inaitwaje?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi soma tu hapo."

Nikavuta kanga usoni.

"Ala! Wakala hajui kusoma! Kazi hii tutampa mwingine."

Niliipenda ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa.

Mzee akasimama. "Anasoma fijo, sana huyo, kukuzidi wewe," akamwambia mkaguzi. "Jina ni langu. Yeye ni mkamwana wangu." Kisha akageuka, akaiona ile miavuli migombani, na nadhani hapo ndipo alipoelewa yote. Akapanda juu ya benchi na koti lake lile, akaking'oa kibao kwa mikono, misumari ikilia. Mkaguzi ikabidi ashikilie benchi.

Mzee akashuka, kibao kwapani kama jogoo. Nilitaka kumshukuru kwa jina lake kamili, mbele ya watu wote. Mdomo ukagoma. Nikajificha nyuma ya mlango kama mkamwana yeyote, nikalia.

Nje mkaguzi alikuwa ameshaingia kwenye gari lake bila kuuchukua mhuri wangu, na benchi lilikuwa tupu. Mzee, akiwa ameshashika njia ya kwake, akasema kwa sauti, sijui akimtuma nani: "Mwambieni afungue dirisha. Watu wana barua."