Redempta na Rafu ya Vibao

Redempta alisoma vitabu vyake vya kwanza akiwa mshona nguo sokoni Sumbawanga, miguu kwenye cherehani, kitabu kimelala mapajani. Shule aliishia darasa la saba. Watu waliosoma kwa njaa namna hiyo wamekwisha. Siku hizi mtu ana shahada na hajawahi kufika mwisho wa kitabu hata kimoja. Ndiyo maana wakazi wa Kasense walipogeuza ghala la zamani la mazao kuwa maktaba, ufunguo walimpa yeye.

Aliutunza miaka tisa. Mwaka wa kumi, kamati ya maktaba ikaondoa vitabu kumi na kimoja. Mwenyekiti, mzee Cleophas, alivitia kwenye kiroba akaenda navyo kwake. Kimoja kilieleza miili ya wasichana inavyokua. Kingine kilieleza jinsi Wafipa wa zamani walivyoyeyusha chuma, pamoja na dawa walizoweka kwenye tanuru.

"Uchawi," alisema mzee. "Mji wetu umechekwa vya kutosha."

Akaagiza mapengo yajazwe vitabu vingine, rafu isije ikauliza maswali. Zamani jambo kama hilo lingekaliwa kikao, watu wabishane mpaka chungu cha pombe ya ulezi kikauke. Safari hii hakuulizwa mtu.

Redempta hakujaza kitu. Alichonga vibao kumi na kimoja vyenye unene wa vitabu vile, kila kimoja na mchoro wake, akavisimamisha kwenye mapengo. Kisha kwa miezi minne akajifunza, kwa video za kwenye simu, kutengeneza programu. Ukielekeza kamera kwenye kibao, unaona kitabu kimesimama palepale, kinafunguka ukurasa mmoja ambao Redempta aliwahi kuupiga picha. Chini yake pameandikwa siku kilipoondolewa, aliyekiondoa, na sababu. Penye sababu palikuwa patupu kwenye vibao vyote kumi na kimoja, maana kamati haikuandika yoyote.

Watu wakaja kutazama, wengine kutoka mbali kama kijiji cha Kate. Zephania, mkulima ambaye hakuwahi kukanyaga maktaba, alivipitia vibao vyote. "Kumbe vilikuwemo?" akauliza. "Mbona mlinificha mpaka vikaondoka?"

Habari zikamfikia mzee Cleophas. Akaja Jumamosi, watu wamejaa.

"Shikamoo, mzee," akasema Redempta.

"Marahaba, Mama Leonsi. Nimefuata ufunguo. Na jina langu ulitoe humo kwenye simu."

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Redempta, kwenye uzi. Akiutoa, anarudi kwenye cherehani, na macho yake sasa hayalioni tundu la sindano.

"Ufunguo ni wa kamati, mzee, nitautoa. Ila kwanza nipe sababu, niijaze pale palipo wazi." Akampa simu.

Mzee hakuwa amewahi kuvitazama vibao vile. Akaielekeza kwenye kibao cha tanuru, ukurasa ukafunguka, akausoma kwa sauti, polepole kama anasoma somo kanisani: mkaa ukishapangwa, kikapu cha dawa huwekwa juu yake.

"Hapa wamekosea," akasema. "Kikapu hutangulia. Kinafukiwa chini kabisa, kabla ya mkaa. Tena anayekifukia asiwe amelala na mkewe. Babu yangu alihamia kambi ya tanuru mwezi mzima, bibi anamwekea ugali njiani na kugeuka."

"Mzee," akasema Zephania, "huo uchawi unaujua kuliko kitabu."

Watu wakacheka.

"Uchawi gani? Ile ilikuwa kazi."

Redempta hakucheka. "Niandike hivyo, mzee? Sababu ya kukiondoa: ilikuwa kazi?"

Mzee Cleophas akamrudishia simu, akatoka. Ufunguo hakuutaja tena.

Jumatatu alikileta kitabu cha tanuru mwenyewe. Pembeni mwa ukurasa ule alikuwa ameandika kwa penseli, mistari sita iliyonyooka, jinsi babu yake alivyofanya. Redempta, ambaye aliwahi kumtimua mwalimu mzima kwa kupigia mstari kitabu, alikipokea kwa mikono miwili, akaondoa kibao, akakisimamisha mahali pake.

Vibao kumi bado vipo. Kila kamati inapokaa, Redempta huinua mkono na kuulizia sababu za vitabu vile kumi, kimoja baada ya kingine, kwa jina.